Nani Apige, Nani Atembee
Hotuba kwa wachezaji wa michezo ya vita ya mezani, Lindi

Wazee wetu, kaka na dada, vijana mliotoka Mtama, Masasi na Mtwara: asalaam aleykum, na tumsifu Yesu Kristo.

Mada ya leo ni moja. Katika mchezo wa vita wa mezani, kikosi kipi kisimame kipige, kipi kitembee, na kila kimoja kifanye hivyo lini. Mchezaji anayeweza kulijibu swali hili zamu kwa zamu anamshinda aliyekariri kitabu chote cha kanuni.

Karibu wote hapa mmekulia kwenye bao. Bao limewafundisha kuhesabu mbele, na kwa hilo tunawashukuru wazee wa barazani. Lakini limewaachia tabia moja ambayo huku inaua. Kwenye bao, penye kula lazima ule. Kanuni haikupi hiari. Kwenye mchezo huu, penye kupiga si lazima upige. Mchezaji mpya akimwona adui ndani ya masafa, mkono unakwenda wenyewe kwenye dadu. Anapiga kwa vikosi vyote zamu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na meza nzima inachangamka. Ikifika zamu ya tano anagundua kuwa kijiji alichotakiwa kukiteka bado kiko nafasi 8 za ubao mbele, na zamu zimebaki 2.

Kosa la pili ni kinyume chake. Aliyefungwa kwa kuchelewa anarudi mchezo unaofuata na kukimbiza kila kitu mbele, uwanja mtupu, bila mtu wa kumlinda. Huyo hafiki hata zamu ya tatu.

Nitatumia kanuni za Advanced Squad Leader, mchezo wa vikosi vya Vita ya Pili ya Dunia, iliyotolewa Marekani na Avalon Hill mwaka 1985, ikiwa imekua kutoka Squad Leader ya John Hill ya mwaka 1977. Ubao wake umegawanywa kwa pembesita, na kila pembesita leo nitaiita chumba. Chumba kimoja ni mita 40, zamu moja ni kama dakika 2 za vita. Hatua za zamu ni nane, kwa mpangilio huu: kuwatuliza waliovunjika moyo, risasi za maandalizi, mwendo, risasi za kujihami za mpinzani, risasi za walioshambulia, kukimbia kwa waliovunjika, kusogea chumba kimoja, na mapambano ya ana kwa ana.

Angalieni mwendo umekaa wapi. Risasi za maandalizi zinatangulia, na kikosi kikishapiga hapo hakiruhusiwi kutembea katika hatua ya mwendo. Kikitembea kwanza, kinaweza kupiga baadaye, ila kwa nusu ya nguvu. Mvutano wote tunaouzungumza leo umetokana na kanuni hizo mbili.

Sasa chukueni kipande kimoja mkononi. Kikosi cha kawaida cha Wajerumani kimeandikwa 4-6-7: nguvu ya risasi 4, masafa vyumba 6, ari 7. Kina pointi 4 za mwendo. Uwanja wazi unakula pointi 1, msitu pointi 2, jengo pointi 2. Kikipiga kimesimama, kina nguvu 4. Kikipiga baada ya kutembea, 2. Kikimpiga adui aliye zaidi ya masafa yake ya kawaida, yaani chumba cha 7 hadi cha 12, nguvu inakatwa nusu tena. Kwa hiyo kikosi kilichotembea na kinachopiga mbali kimebaki na nguvu 1, na hiyo ni kelele tu.

Lakini kuna upande wa pili ambao wengi hawauoni. Adui akiwa chumba cha jirani kabisa, nguvu inazidishwa mara mbili. Kikosi cha 4 kilichotembea kikafika jirani kinapata 4 mara 2, gawa kwa 2: jibu ni 4. Kwa maneno mengine, aliyetembea mpaka akagusana na adui hajapoteza chochote akilinganishwa na aliyebaki nyuma akipiga kwa umbali. Hasara iko katikati. Ndiyo maana nasema mwendo wa nusu ndio mbaya kuliko yote: umeacha nafasi yako nzuri, hujafika, na bunduki yako imekatwa nusu. Ukiamua kutembea, tembea kwa kusudi la kufika jirani au kufika penye kinga. Kama huwezi kufika hata kimoja kati ya hivyo, simama upige.

Na vipande havifanani. Kikosi cha Warusi chenye bunduki fupi za rashasha ni 6-2-8. Masafa yake 2. Kwenye chumba cha 3 na cha 4 kina nguvu 3. Cha 5 hakina kitu. Lakini kikitembea mpaka jirani kinapiga kwa 6, na kikiwa kimesimama jirani, 12. Kipande hicho kinakuambia chenyewe kuwa kimezaliwa kutembea. Ukikiweka kichakani kipige kwa mbali umekigeuza mkaa wa kupikia chai. Upande wa pili, 4-6-7 akipambana na kikosi cha kawaida cha Warusi, 4-4-7, apende umbali wa vyumba 5 na 6: hapo yeye ana nguvu 4 kamili, mwenzake amebaki na 2. Akikaribia bila sababu hadi chumba cha 4, amempa adui zawadi.

Tuje kwenye dadu, maana bila hesabu hii maamuzi yote ni kubahatisha. Unarusha mbili, na kwa mpigaji namba ndogo ndiyo nzuri. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Nguvu yako ya risasi ndiyo inayokuchagulia safu kwenye jedwali la risasi. Tuseme safu unayotumia inataka 7 au chini ili adui adhurike. Bila nyongeza yoyote, njia ni 21 kati ya 36. Adui akiwa amesimama msituni, dadu inaongezewa 1, njia zinabaki 15. Akiwa kwenye nyumba ya mbao ni 2, njia 10. Akiwa kwenye jengo la mawe ni 3, na njia zinabaki 6 tu. Sasa akikimbia uwanja wazi, dadu inapunguzwa 2: moja kwa sababu anakimbia bila tahadhari, nyingine kwa sababu yuko wazi. Njia zinapanda hadi 30 kati ya 36.

Kutoka 6 mpaka 30. Kikosi kilekile, bunduki ileile, umbali uleule. Kila chumba cha wazi unachokivuka mbele ya adui mwenye bunduki iliyo tayari, umemzidishia nafasi mara tano kuliko ungekaa ndani ya mawe. Hata kukimbia msituni kuna gharama: ile 1 ya kukimbia inaifuta ile 1 ya miti, na unarudi kwenye 21. Kanuni inakupa njia ya kupona, nayo ni mwendo wa tahadhari: unatembea chumba kimoja tu bila kumaliza pointi zako zote, na adhabu ya kukimbia inaondoka. Msitu unagharimu pointi 2 kati ya 4, kwa hiyo kutoka msitu hadi msitu unaweza kwenda kwa tahadhari. Ni polepole, lakini unafika na watu.

Halafu kuna hatua ya saba, ambayo wachezaji wapya wanaipita kama vile haipo. Baada ya risasi zote kumalizika, kila kikosi kizima kinaweza kusogea chumba kimoja, na hapo mpinzani hana risasi za kujihami. Hata kikosi kilichopiga risasi za maandalizi kinaruhusiwa. Kwa hiyo aliyesimama kupiga hajapigwa misumari chini. Anapata chumba kimoja kila zamu.

Hapo ndipo bajeti inapoanzia. Kabla ya kugusa dadu, hesabu kutoka lengo kurudi nyuma. Tuseme lengo liko vyumba 10, mchezo ni zamu 6, na njia yote ni msitu. Zamu ya mwendo inakupa vyumba 2 kwa pointi 4, na kimoja cha kusogea: jumla 3. Zamu ya kupiga inakupa 1. Zamu 2 za mwendo na 4 za kupiga ni 6 na 4, sawasawa 10. Inatosha, ila haina nafasi hata ya mkosi mmoja. Zamu 3 za mwendo na 3 za kupiga ni 12: una vyumba 2 vya akiba. Ushauri wangu kwa ramani kama hiyo ni hizo tatu kwa tatu. Anayepanga mbili kwa nne amemwachia dadu hatima yake, na anayepanga tano kwa moja anafika zamu ya nne na vikosi vilivyochakaa.

Bajeti hiyo ni ya kila kikosi, wala si ya jeshi zima kwa pamoja. Hili nalisisitiza sana. Zamu ambayo wote wanapiga na zamu ambayo wote wanatembea zote ni mbovu. Nusu wanapiga ili nusu nyingine itembee, kisha mnabadilishana. Lakini hata hiyo nusu isichukuliwe kama mizani ya dukani. Mwanzoni, adui akiwa mbali na asiyeonekana, watembee karibu wote. Katikati, unapofika vyumba 5 au 6 kutoka kwake, ndipo bunduki zifanye kazi yake kubwa. Mwishoni watembee tena wengi, ukibakisha kundi moja tu la kuwainamisha vichwa waliobaki.

Kundi la kupiga liundwe na nini? Kwanza rashasha nzito. Ya Wajerumani ni 7-16: nguvu 7, masafa 16, na ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kupiga tena katika hatua ileile, kama dadu moja kati ya zile mbili, ile ya rangi, ikianguka 3 au chini. Uzito wake ni 5. Kikosi kinabeba 3 bila kuumia, zaidi ya hapo kila uzito 1 unakula pointi 1 ya mwendo, hivyo anayeibeba amebaki na pointi 2. Na rashasha nzito iliyobebwa haipigi zamu hiyo baada ya mwendo. Kwa hiyo iweke zamu ya kwanza mahali utakapoihitaji zamu ya nne. Mnaokaa kuihamishahamisha kila zamu mnabeba chuma tu.

Pili, kiongozi. Kiongozi mwenye alama ya -1 akielekeza risasi, dadu inapunguzwa 1, na zile njia 21 zinakuwa 26. Kiongozi huyohuyo akitembea na kikosi, anakiongezea pointi 2 za mwendo. Lakini akielekeza risasi za maandalizi, hawezi tena kutembea zamu hiyo. Mwenye viongozi wawili amweke mwenye alama bora kwenye bunduki, na yule wa kawaida atembee na washambuliaji, maana wao ndio watakaovunjika na kuhitaji mtu wa kuwatuliza papo hapo.

Tatu, hesabu ya safu. Jedwali la risasi lina safu za 1, 2, 4, 6, 8, 12, 16, 20, 24, 30 na 36, na jumla isiyofika safu inashushwa. Vikosi vitatu vya 4 vinatoa 12 kamili. Hapo hakuna kilichopotea. Lakini rashasha ya 7 ukiiunganisha na kikosi cha 4 unapata 11, unashuka hadi 8, umetupa nguvu 3 porini. Bora rashasha ipige peke yake kwenye safu ya 6, ijaribu bahati ya kurudia, na kikosi kipige chenyewe kwenye safu ya 4. Hesabuni kabla ya kutangaza, kwa sababu ukishatangaza huwezi kurudi nyuma.

Kuna chaguo lingine ambalo kwangu ni bora kuliko risasi za maandalizi kwa kundi hili: kusubiri. Katika hatua ya pili unatangaza kuwa kikosi hiki hakitatembea, lakini hakipigi bado. Kinangoja wenzake watembee, adui atoe risasi zake na kujionyesha, kisha kinapiga kwa nguvu kamili katika hatua ya tano. Risasi za maandalizi zina faida pale tu unapomjua adui alipo na unahitaji avunjike kabla mtu wako hajatoka kichakani. Kama adui amejificha, kupiga mapema ni kupiga majani.

Mpangilio wa kutembea nao una siri yake. Mpinzani anapiga papo hapo kikosi kinapoingia chumbani, na akishapiga, kupiga tena katika hatua hiyo ni kwa nguvu pungufu na kwa adui aliye karibu tu. Kwa hiyo usitembeze kwanza kikosi unachokipenda. Tembeza kile chenye njia salama kidogo lakini chenye kutisha: akikipiga, bunduki yake imetumika, akikiacha, kimefika ubavuni kwake. Kila mara mfanye achague kati ya mabaya mawili.

Na msipite mstari mmoja kama siafu. Kikosi kikipigwa chumbani, takriban nusu ya nguvu ile inabaki imetanda chumba hicho mpaka mwendo uishe, na kila anayeingia baada yake anaipata bure. Tawanyikeni. Wala msirundike vikosi vitatu chumba kimoja mbele ya bunduki, kwa sababu mrusho mmoja unawapata wote, na kila mmoja anapimwa ari yake. Ari 7 maana yake kupona kwa 7 au chini: 21 kati ya 36. Vikosi vitatu pamoja, uwezekano wa wote kupona ni kama mmoja kwa tano.

Kuhusu moshi wa kujifichia nitasema kidogo: kikosi cha 4-6-7 kina nafasi 1 kati ya 6 ya kuutoa, na kinalipa pointi za mwendo hata ukishindikana. Ujaribu ukiwa na ziada, usiujengee mpango.

Mtaniuliza, na mlinzi je? Mlinzi naye ana kishawishi kilekile cha kupiga mapema, na kwake kinauma zaidi, kwa kuwa akipiga kwa mbali ameonyesha alipo. Angoje aone uwanja wazi chini ya miguu ya adui. Na zamu mbili za mwisho ahame. Mlinzi asiyehama anazungukwa, na kikosi kilichozungukwa kikivunjika hakina pa kukimbilia.

Hatuhitaji kwenda Ulaya kuona kwa nini kanuni hizi ziliandikwa hivi. Ukitoka hapa mjini kwa barabara ya Masasi, baada ya Mtama unafika Nyangao, na Mahiwa ni jirani yake. Hapo, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, majeshi ya Waingereza ya watu karibu 4,900, wakiwemo askari wengi kutoka Nigeria, yalishambulia ngome za von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyekuwa na watu takriban 1,500. Jenerali Beves wa upande wa Waingereza aliendelea kuwasukuma watu mbele, uso kwa uso na rashasha, ambazo wazee waliziita bombomu. Waingereza walipoteza takriban watu 2,700, waliouawa na waliojeruhiwa. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500, lakini walimaliza sehemu kubwa ya risasi zao, na tarehe 25 Novemba walivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mmoja alitembea bila kupima, mwingine alipiga mpaka ghala likakauka. Waliolala pale, pande zote mbili, wengi walikuwa Waafrika, na nyuma yao walikuwapo wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa. Tunapoweka vipande vya karatasi mezani tuwape heshima yao.

Sasa mazoezi. Kila meza ina ubao mmoja. Mshambuliaji achukue vikosi 6 vya 4-6-7, viongozi wawili na rashasha nzito moja. Mlinzi achukue vikosi 3 vya 4-4-7 na kiongozi mmoja, aviweke kwenye majengo mawili ya mawe na msitu ulio kati yao. Umbali vyumba 10, zamu 6. Kabla ya kurusha dadu, mshambuliaji aandike kwenye karatasi, kikosi kwa kikosi, zamu ipi kitapiga na ipi kitatembea. Mkimaliza, mchezo uanze, na kila anapokwenda kinyume cha karatasi aweke alama ya penseli pembeni na sababu yake: adui alionekana, kikosi kilivunjika, au mkono tu uliwasha. Baada ya zamu ya sita badilishaneni pande na mwanze tena na karatasi mpya. Karatasi zote mbili mniletee mimi, zile zenye alama nyingi za mkono kuwasha ndizo tutakazozipitia kwanza kesho asubuhi.